Waliomwosha Mutie

Muthoki alishuka kwenye basi la Kitui saa nne asubuhi ya Jumatano, akatembea hadi Kaloleni na mfuko wa ndengu kichwani, na alipokunja kona ya mfereji wa maji akaviona viatu. Vilikuwa vingi mlangoni pake, vyote vya kike, vimevuliwa ovyo. Alidhani ni wateja waliofuata sare, maana shule zilikaribia kufunguliwa na sketi saba zilikuwa bado hazijapigwa pindo. Alikuwa tayari anatunga maneno ya kuwaomba radhi. Kisha akamwona binti yake, Mourine, akitoka nje kichwa wazi, siku ya kazi, saa ya kazi, na mfuko ukamteleza wenyewe.

"Mama, keti kwanza."

"Ni nani?" Hakuuliza kuna nini.

"Ni Mutie."

"Yuko hospitali gani?"

Mourine akatikisa kichwa.

"Basi yuko mochari gani? Nipeleke. Sitaki kuketi, nipeleke."

"Alizikwa jana, Mama. Alasiri."

Muthoki alimtazama binti yake kama anayesikia lugha ya kigeni. Akainama, akaanza kuziokota ndengu zilizomwagika, moja moja, mpaka wanawake wakatoka ndani wakamshika mabega.

Mambo yalikuwa yametendeka hivi. Jumanne asubuhi Mutie, mwana wa Muthoki, fundi wa stima, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa akifunga kamba za viatu aende kazini. Akasema kichwa ni kizito. Akaketi kwenye ngazi za nyumba waliyopanga kule Majengo, akamwomba mkewe maji, na mke aliporudi na bilauri alimkuta mumewe ameegemea ukuta, shingo upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hospitalini walisema ni mshipa wa kichwani. Mke huyo aliitwa Yumna. Miaka minne nyuma Mutie alikuwa amesilimu, akamwoa, na watu wa Majengo wakamwita Jamil. Watu hao huwazika wafu wao siku hiyohiyo. Walikuwa wamempigia Muthoki simu tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, lakini simu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, imelala ndani ya kikapu kando ya shamba la dada yake, mahali ambapo stima haijafika.

Muthoki alizijua shughuli za msiba. Kwao msiba ulikuwa na kazi zake: kuchagua jeneza, kupiga pasi suti, mikutano ya kila jioni, kukodi basi, kubishana juu ya picha ipi iwekwe mbele. Wiki mbili nzima za pilkapilka zinazomshika mtu mkono na kumvusha. Yeye hakuachiwa hata moja. Aliachiwa habari tu.

*

Siku zilizofuata alizipitia kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kifuani. Sauti zilimfikia zikiwa zimechelewa. Mtu alimsalimia mlangoni, naye akaitikia baada ya mtu huyo kuondoka. Aliketi kwenye cherehani yake barazani, mguu juu ya pedali, kitambaa cha buluu kikipita chini ya sindano, na kila mchana, jua likishafika kwenye kizingiti, usingizi ulimchukua hapohapo.

Ndipo Mutie alipoingia. Aliingia na mfuko wake wa vifaa begani, akapita karibu naye bila kusema neno, akaanza kutafuta kitu chumbani. Alifungua kabati, akainua godoro, akapapasa juu ya dirisha. Muthoki alimwuliza anatafuta nini amsaidie. Hakujibu. Na kila alivyojaribu kumzunguka amwone usoni, Mutie aligeuka, taratibu, bila hasira, akabaki kisogo. Muthoki aliamka na alama ya mshono shavuni, mate yakiwa yamelowesha sketi ya mtoto wa watu.

Yeye hakuwa ameuona uso huo tangu Jumapili mbili kabla ya safari. Jumapili zote, Muthoki akishatoka kanisani, Mutie alikuja kula naye. Alikuja na nyama yake mwenyewe kutoka bucha la Majengo, akaiweka mezani, akasema, "Leo nimekuletea steki, Mama." Hakusema kwa nini hali tena nyama ya bucha la mtaani, naye Muthoki hakuuliza. Aliipika. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuzungumza juu ya dini.

Mchungaji Ndindi alimtembelea Ijumaa, na wanawake watatu wa kwaya. Alikuwa kijana, hajafikisha miaka arobaini, mpole, na alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayehisi baridi. Wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Kwa kawaida waliimba mpaka majirani wa mtaa wa pili wakajua.

"Mchungaji," Muthoki akasema, "ibada itakuwa lini?"

"Mama, tumelizungumza na wazee." Akakohoa. "Unajua mwili haupo. Na marehemu... unajua mwenyewe alikuwa ameshahama. Tumeonelea tuje tukuombee wewe, hapa nyumbani."

"Na yeye?"

"Kanisa letu haliombei waliokwenda, Mama. Linaombea waliobaki. Wewe ni mzee wa kanisa, unalijua hilo."

"Ninalijua," Muthoki akasema. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, katika nyumba za wengine, akiwa ameshika Biblia na kitambaa cha kufutia machozi. "Lakini jina lake litatangazwa Jumapili?"

Mchungaji akatazama ndani ya chai. Mwanamke mmoja wa kwaya akavuta sketi yake ifunike magoti.

Jumapili jina halikutangazwa. Iliombwa "faraja kwa dada yetu Muthoki katika wakati huu mgumu," na mtu aliyekaa nyuma yake akamwuliza jirani kwa kunong'ona, "Kwani amefanyaje?" Muthoki alisikia. Alitoka kabla ya sadaka. Kuanzia siku hiyo sala ya Bwana ilimshinda. Aliianza vizuri, lakini alipofika pale pa kumwachia Mungu mapenzi yake, ulimi ulikauka, na ilimbidi aanze upya, na alipofika palepale ukakauka tena.

*

Mwanzia alifika kutoka Kitui Jumatatu. Alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, na yeye ndiye aliyempeleka Mutie kujifunza ufundi baada ya baba yake kufa. Aliketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia kila mara, akavua kofia, akalia waziwazi kama mtoto. Alipomaliza akaifuta kofia kwa kiwiko, akasema:

"Tutamtoa."

"Kumtoa wapi?" Mourine akauliza.

"Mahali walipomfukia. Nimeshaongea na wakili, ana ofisi hapo mkabala na mahakama ya Makadara. Anasema tukienda upesi inawezekana. Nimefyeka mahali karibu na kaburi la babake. Vijana wako tayari kuchimba."

"Mjomba, siku zimepita nyingi. Mtu amekwisha lala."

"Mimi ni baba yako mdogo, si mjomba," Mwanzia akasema, si kwa ukali. "Na hajalala. Amelazwa. Watu wamemchukua mtoto wa watu asubuhi wakamzika jioni, mamake yuko shambani, hakuna aliyeulizwa. Hata kwa mbuzi, mwenyewe huulizwa. Muthoki, wewe unasemaje?"

Muthoki alikuwa akitazama mlango. Alikuwa akiwaza kwamba wakimtoa watafungua. Wakifungua ataona. Hilo tu ndilo alilolisikia katika maneno yote ya shemeji yake: kwamba bado kuna njia ya kumwona mtoto wake usoni.

"Nitaenda," akasema.

Mourine akainuka, akaenda kusuuza vikombe mferejini. Alivisuuza muda mrefu sana, mpaka mwanamke aliyesubiri zamu na ndoo akamwambia, "We dada, hivyo vikombe vinaisha rangi."

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kupiga chapa. Wakili mwenyewe alikuwa mahakamani. Walipokewa na karani wake, Musau, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipogundua kuwa ni watu wa Kitui alifurahi, akawaamkia kwa Kikamba, kisha akakumbuka kilichowaleta, akafungua faili upesi.

"Hii ndiyo hati ya kiapo," akasema. "Imeandikwa Kiingereza, lakini nitawasomea kwa Kiswahili ili msiweke sahihi kwenye kitu msichokijua. Mama atatia sahihi hapa, na dada wa marehemu hapa."

Akasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwamba mimi ni mama mzazi wa marehemu Mutie. Kwamba marehemu alizaliwa na kulelewa katika imani ya Kikristo. Muthoki aliyasikiliza maneno hayo yakipita juu yake. Nje, chini, watu waliovaa nguo za kwenda kortini walisimama barabarani wakisubiri kuitwa, na jua lilikuwa jeupe juu ya karatasi walizozishika.

"Kwamba," Musau akaendelea, "hakuna mtu yeyote wa familia ya marehemu aliyeulizwa, wala aliyejulishwa kwa wakati, wala aliyekubali, kabla ya mazishi hayo kufanywa."

"Hiyo si kweli," Mourine akasema.

Kidole cha Musau kikasimama.

"Nini si kweli?" Mwanzia akauliza.

"Waliniuliza mimi." Mourine alikuwa ameushika mkanda wa mkoba wake kwa mikono yote miwili. "Mzee Abdurahim, babake Yumna, alinipigia nikiwa kazini. Nikaenda. Nilifika saa sita. Wakaniambia, sisi desturi yetu ni kuharakisha, lakini huyu ana mama, tumngoje? Nikasema ngojeni. Wakangoja. Adhuhuri ikapita. Nilikupigia, Mama, mara ngapi sijui, naambiwa tu mteja hapatikani, mteja hapatikani. Saa tisa akaniuliza tena. Akaniambia, wewe ndiwe wa nyumbani kwao, ukisema tungoje mpaka kesho tutangoja mpaka kesho, hakuna atakayekulaumu."

"Ukasema nini?" Muthoki akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno tangu waingie.

"Nikasema wamzike."

Musau alivua miwani yake, akaiweka juu ya hati.

"Kwa nini?" Mwanzia akasema. "Wewe mtoto, kwa nini?"

"Kwa sababu alishachagua!" Mourine akaanza kulia. "Alichagua, na mlijua alichagua, mkajifanya hamjui. Nikawaza tukimweka mochari mtakuja, mtamgombania kama vile sasa mnamgombania. Nikaona bora alale. Mama, nilitaka tu alale. Na nikashindwa kukwambia. Kila siku naamka nasema leo nitakwambia."

Muthoki alisimama. Alitazama mahali pa sahihi, mstari mfupi wenye nukta nukta, jina lake limepigwa chapa chini yake kwa herufi kubwa. Akachukua kalamu, akaishika, akairudisha mezani kwa uangalifu sana, isibingirike.

"Muthoki," Mwanzia akasema. "Muthoki, ngoja tuzungumze."

Alikuwa ameshashika vyuma vya ngazi.

*

Alitembea. Barabara ya Jogoo ilikuwa na kelele zake zote, makanga wakiita, wauzaji wa nguo kuukuu wakipiga makofi, lakini kelele hizo zilipita mbali naye kana kwamba yuko upande wa pili wa kioo. Alipita Kaloleni bila kugeuza kichwa. Mtu alimwita, "Mama Mutie!" naye akainua mkono bila kujua amemwinulia nani. Hakumkasirikia Mourine. Alijitafutia hasira hiyo ndani yake kama mtu anayepapasa funguo, hakuipata. Alichokipata ni yeye mwenyewe, ameinama shambani Jumanne saa tisa, akichuma ndengu, akiimba. Alikuwa akiimba kweli. Aliikumbuka hata sauti. Na wakati huohuo mzee mmoja asiyemjua vizuri alikuwa amesimama mahali akisema, huyu ana mama, tumngoje?

Alivuka Shauri Moyo, akaingia Majengo, akauliza duka la Abdurahim. Miaka minne, na alikuwa amefika kwao mara mbili tu. Harusi hakwenda. Alisema anaumwa mguu.

Duka lilikuwa dogo, la unga na mafuta na mchele wa magunia. Abdurahim, mzee wa miaka sabini hivi, kofia nyeupe kichwani, alikuwa akipima sukari. Alipomwona aliiacha sukari kwenye mizani, akatoka nje akiwa bado ameshika kijiko.

"Karibu, Mama Jamil," akasema, kisha upesi, "Mama Mutie. Nisamehe. Karibu, mkwe wangu."

"Yote ni yake," Muthoki akasema. Hakujua angesema hivyo.

Wakapita nyuma ya duka hadi kwenye ua wa nyumba. Kibibi, mke wa Abdurahim, akatandika mkeka, akaleta maji, akamshika Muthoki mikono yote miwili, akakaa naye akilia pasipo sauti. Hakuna aliyemwuliza kilichomleta. Hiyo ilimrahisishia.

"Nimetoka kwa wakili," Muthoki akasema. "Walitaka nitie sahihi mtoto afukuliwe. Sijatia. Lakini sijui kama sitatia. Nimekuja kukuuliza jambo moja, Mzee, na unijibu bila kunihurumia. Mlimfanyaje?"

Abdurahim alikiweka kijiko chini. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nikuambie yote?"

"Yote."

"Basi. Tulimrudisha kutoka hospitali, tukamlaza ndani, chumba kile pale. Tulikuwa watu watatu. Mimi, rafiki yake mmoja wa kazini, na Kahin, jirani yangu, ambaye ndiye hodari wa shughuli hiyo hapa mtaani. Tulimsitiri kwa shuka, kutoka kitovuni hadi magotini. Haachwi uchi, hata sisi hatukumwona. Mke wangu alipasha maji. Si ya moto, si ya baridi. Nilitia mkono mwenyewe kuyapima, kama unavyopima ya mtoto mchanga."

Muthoki aliitikia kwa kichwa aendelee.

"Tukaanza kumtawadhisha. Mikono, mdomo, pua, uso. Kisha kichwa, halafu upande wa kulia, halafu wa kushoto. Mara ya kwanza maji yenye majani ya mkunazi, mara ya pili hivyohivyo, mara ya mwisho kafuri. Hatukuharakisha. Watu hudhani tunaharakisha. Kuzika ndiko tunakoharakisha, kuosha, hapana. Kucha zake zilikuwa na weusi wa nyaya. Kahin alizisafisha moja moja kwa kijiti. Nikamwambia, huyu ni fundi, weusi huu hautoki. Akasema utatoka. Ukatoka."

"Mlimgeuza?"

"Tulimgeuza, kwa ubavu."

"Mgongoni." Muthoki alijigusa chini ya bega la kushoto. "Hapa. Mliona kitu?"

"Tuliona kovu. Kubwa kama kiganja. Kahin aliniuliza ni la nini. Nikamwambia sijui, anayejua ni mama yake."

"Ni uji," Muthoki akasema. "Alikuwa na miaka miwili. Niliuweka chini upoe, nikageuka kuchukua sukari. Nikageuka tu. Sijamwambia mtu. Babake nilimwambia alijimwagia yeye mwenyewe."

Kibibi akamsogelea zaidi.

"Pale," Abdurahim akasema, "tulipitisha maji polepole. Sijui kwa nini. Maiti haumwi. Lakini wote watatu tulipofika pale tukapunguza mkono."

Hapo ndipo Muthoki alipolia. Tangu Jumatano ile ya mfuko wa ndengu alikuwa ametokwa na machozi ya hapa na pale, yaliyotoka bila kumpa nafuu. Haya yalikuwa mengine. Yalitoka tumboni, yakamkunja mpaka paji la uso likagusa mkeka, na Kibibi akampapasa mgongo, mahali palepale alipokuwa amejigusa, chini ya bega la kushoto.

Alipoinuka, Abdurahim alikuwa bado ameketi vilevile.

"Na uso?" Muthoki akauliza.

"Ulikuwa umetulia. Upande huu wa mdomo ulikuwa umepinda kidogo, ule mshipa, nadhani. Umesema nisikuhurumie. Sanda ikishafungwa uso huachwa wazi, watu wa nyumbani waage. Kwa kawaida ni muda mfupi. Mimi niliuacha wazi mpaka tulipomwinua. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilikuwa ninaimba," Muthoki akasema. "Shambani. Saa hiyohiyo."

"Alhamdulillahi," mzee akasema.

Muthoki akamkazia macho.

"Si kwa ubaya, mkwe wangu. Nasema, katika saa hiyo, miongoni mwetu sote, kulikuwa na mtu mmoja aliyempenda ambaye moyo wake ulikuwa mzima."

Muthoki aliyapokea maneno hayo. Hakujua kama anayakubali. Aliyaweka pembeni, ayatazame siku nyingine.

"Kanisani kwetu wanasema hatumwombei," akasema baadaye. "Ninyi mnamwombea?"

"Kila swala."

"Mimi nikimwombea, kwa namna yangu, kwenu itakuwa ni makosa?"

Abdurahim akaivaa kofia yake. "Mimi napima sukari, mama. Dua ya mzazi sina mizani yake. Mwombee."

*

Yumna alikuwa katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe zisizo na pambo. Alikuwa katika eda ya mjane; kwa miezi minne na siku kumi asingetoka nyumbani kwa wazazi wake ila kwa dharura. Muthoki alipoingia, msichana alijaribu kusimama, Muthoki akamrudisha chini, wakakaa kitandani bega kwa bega kama abiria wawili. Hawakuwa wamewahi kukaa hivyo.

"Mama, uliambiwa nilimpa maji akiwa hai?" Yumna akasema. "Watu wanasema nilimpa. Sikumpa. Nilichelewa, kulikuwa na foleni mferejini."

"Mimi pia nilichelewa," Muthoki akasema.

Kisha Muthoki akauliza, kwa wivu aliouonea haya, kama kaburi ni pazuri.

"Sijui, Mama."

"Hujui vipi? Si ulikuwepo?"

"Wanawake kwetu hatufuati jeneza. Niliona uso wake, nikamuaga hapo mlangoni. Wakatoka naye. Na sasa niko ndani. Baba ananiambia pako sawa, basi. Wanaume hawajui kusimulia." Alivuta kamasi. "Kila siku najaribu kupaona kichwani, sipaoni. Naona lango tu, na lenyewe nimelibuni."

Muthoki alimtazama msichana huyo. Kwa muda wote huo alikuwa amedhani kuna mahali fulani mwanamke mwingine aliyeketi na kila kitu alichonyang'anywa yeye.

*

Hati ya kiapo haikutiwa sahihi. Mwanzia alirudi Kitui bila kuaga, na kwa majuma matatu hakupiga simu. Alipopiga, alizungumza kwanza juu ya mvua. Halafu akasema kwamba pale alipofyeka amepaacha hivyohivyo, na kwamba Desemba ukoo utakutana kumkumbuka, ijapokuwa mwili haupo, na kama yule mzee wa duka anataka kuja, lori la mtu fulani litakuwa linatoka Nairobi. Muthoki akasema atamwambia.

Ndoto nayo haikurudi. Mchana jua lilifika kizingitini, akangoja na mguu juu ya pedali, na hakuna aliyeingia. Hakutarajia kwamba angeitamani. Kuna siku alifumba macho makusudi, akabaki akisikia tu watoto wakigombania ndoo.

Ijumaa moja, yeye na Mourine walikwenda makaburini na Abdurahim. Walifunga leso vichwani, Mourine akamfunga mama yake ya kwake. Mzee aliwaonyesha, akawaachia nafasi, akasimama mbali kidogo, viganja wazi, akisoma yake kimoyomoyo. Muthoki alipiga magoti. Alianza sala aliyofundishwa utotoni, kwa Kikamba. Alipofika pale pa kila siku alikwama. Safari hii hakurudi mwanzo. Alikaa palepale alipokwama, na mtoto wake chini ya magoti yake, na upepo ukipita kwenye nyasi. Mourine akachuchumaa kando yake akashika pindo la leso yake. Muda ukapita, hakujua mrefu kiasi gani. Kisha neno likatoka, dogo, na lililofuata likalifuata, akafika amina.

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda Majengo moja kwa moja, na udongo bado gotini, akapita dukani, akapita uani, akaingia chumba cha ndani ambako Yumna alikuwa akikunja nguo.

"Nimekuja kukusimulia," akasema.

Yumna aliacha nguo. Akaketi sakafuni.

"Lango ni la chuma, la kijani, rangi imebanduka chini. Ukiingia unaona njia ya changarawe. Unaifuata mpaka penye mkaratusi mmoja mkubwa, unakata kushoto. Hatua kama arobaini. Kaburi limeinuka shubiri moja tu. Udongo ni mwekundu, haujaota kitu. Kichwani kuna jiwe, halina maandishi."

"Kuna kivuli?"

"Asubuhi hakuna. Mchana kile cha mkaratusi kinamfikia miguuni, halafu kinapanda."

"Kuna kelele?"

"Ziko. Ng'ambo ya ukuta kuna mafundi wanagonga mabati kutwa nzima. Hatakosa kazi ya mtu ya kukosoa." Yumna alitoa sauti iliyokuwa karibu kuwa kicheko. "Na kulia kwake kuna kaburi fupi, la mtoto. Niliona nikafurahi, Mungu anisamehe. Mutie hakuwa mtu wa kukaa peke yake."

"Jamil hakuweza," Yumna akasema. "Hata nikienda mferejini alinifuata."

Akafumba macho, kichwa kimeegemea kitanda. Muthoki alidhani amelala, akaanza kuinuka taratibu.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Rudia. Polepole kidogo. Anzia langoni."

Muthoki akaketi tena, akanyoosha miguu yake iliyochoka juu ya mkeka, akaanzia langoni.